Filamu za 2026 na Haja ya Kuwa na Tarehe

Kalenda ya filamu za mwaka 2026 ilianza kujaa muda mrefu kabla ya mwaka wenyewe kufika. Michael, filamu ya Antoine Fuqua kuhusu maisha ya Michael Jackson, imepangiwa tarehe 24 Aprili, na anayemwigiza mwimbaji huyo ni Jaafar Jackson, mtoto wa kaka yake. Toy Story 5 imewekwa tarehe 19 Juni, The Odyssey ya Christopher Nolan tarehe 17 Julai, na Spider-Man: Brand New Day tarehe 31 mwezi huohuo. Siku ya 18 Desemba imechukuliwa na filamu mbili kubwa kwa mpigo, Avengers: Doomsday na Dune: Part Three. Huko India, sehemu ya kwanza ya Ramayana ya mwongozaji Nitesh Tiwari, ambamo Ranbir Kapoor ni Rama, imetengewa Diwali ya 2026, na sehemu ya pili imekwisha kuahidiwa kwa Diwali ya 2027.

Kati ya hizo, The Odyssey itangojwa kwa hamu ya pekee Kenya, kwa kuwa Mkenya Lupita Nyong'o ni mmoja wa waigizaji wake. Black Panther, ambayo pia aliigiza, ilipotoka mwaka 2018, Kisumu, mji wa nyumbani kwa familia yake, uliitazama siku chache kabla haijafunguliwa Marekani tarehe 16 Februari. Tukio hilo lilionyesha jinsi mji usio na kawaida ya kufikiriwa na wasambazaji wakubwa unavyoweza kuipokea filamu ukiambiwa mapema siku yake.

Filamu za Kiswahili hazipati kungojwa hivyo. Zinatengenezwa, tena kwa wingi, na zina watazamaji Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi. Ila ni nadra moja yao kutangaza, miezi sita au mwaka kabla, siku itakayofunguliwa na ukumbi itakamofunguliwa. Mtazamaji hukutana nayo imeshatoka. Makala hii inashikilia kwamba upungufu huo umeigharimu sinema ya Afrika Mashariki kuliko hata uhaba wa kamera nzuri, na kwamba unaweza kurekebishwa.

Tarehe ya kufungua filamu ina kazi kubwa kuliko kumwarifu mtazamaji. Juni 1975, Jaws ya Steven Spielberg ilifunguliwa siku moja katika kumbi zaidi ya 400 za Marekani, baada ya matangazo mazito ya televisheni, wakati filamu nyingi za zama zile zilianzia kwenye kumbi chache za miji mikubwa na kusambaa polepole. Tangu hapo studio zimejifunza kuichagua siku kwanza na kuijengea kila kitu kingine: mkataba na wenye kumbi, trela, mabango, mahojiano ya waigizaji, bidhaa za watoto. Mwenye ukumbi anajua wiki ipi aiachie nafasi. Mwenye kutoa mkopo anajua fedha zitaanza kurudi lini. Tarehe hizo huhama, na kuhama kwenyewe hutangazwa. Avengers: Doomsday ilipangwa Mei 2026 kabla ya kusogezwa Desemba, Michael ilikuwa itoke Aprili 2025, ikapelekwa Oktoba, kisha ikaangukia Aprili 2026. Shabiki aliyekasirishwa na uahirisho bado anaifuatilia filamu, na hilo tu ni mtaji.

India inafanya hivyo kwa kufuata sikukuu. Mwigizaji Salman Khan alifungua Dabangg wakati wa Idd mwaka 2010 na Bajrangi Bhaijaan wakati wa Idd mwaka 2015, na kwa miaka mingi watayarishaji wengine wamekwepa kupambana naye siku hizo. Diwali nayo hugombaniwa, na Ramayana imeipata ya mwaka 2026.

Utaratibu huo si mgeni katika mwambao. Unguja na Dar es Salaam zilikuwa na kalenda ya filamu iliyo hai miongo mingi kabla ya intaneti. Majestic ya Mjini Unguja, Empire, Sultana, na kwa upande wa Dar es Salaam Avalon, Empress, Odeon na kumbi nyingine, zilikuwa sehemu ya ratiba ya familia. Filamu za Kihindi zilivuta Waswahili, Wahindi na Waarabu pamoja, na Awara ya Raj Kapoor iliimbwa mitaani na watu wasiojua Kihindi. Sikukuu ya Idd ndiyo ilikuwa kilele. Kumbi zilionyesha mara kadhaa kwa siku, watoto wakiingia na pesa walizopewa za sikukuu, na mwenye ukumbi alijitahidi kuwa na mkanda mpya wa kufungulia siku hiyo. Wenye kumbi waliijua hadhira yao: walijua lini wanawake hutoka, lini mishahara hulipwa, lini mvua za masika huwazuia watu majumbani. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata hata sinema ya kutazama ndani ya gari, na watu wakawa na safari ya jioni ya kwenda na jamaa nzima.

Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo baadaye ilishika uingizaji na usambazaji wa filamu nchini. Ilitengeneza filamu zake pia, zikiwemo Fimbo ya Mnyonge na Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Lakini fedha za kigeni zilipokauka, mikanda ikawa mikuukuu, na video ilipoenea majumbani kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine. Baadhi ziligeuzwa maghala na maduka, nyingine nyumba za ibada.

Pengo hilo lilizibwa na vibanda vya video, vinavyojulikana Tanzania kama vibanda umiza, na wafasiri wa sauti kama Lufufu upande wa Tanzania na DJ Afro upande wa Kenya, waliompa stelingi wa Hong Kong au Hollywood maneno ya Kiswahili. Kisha zikaja filamu za Kitanzania zilizoitwa Bongo Movie. Girlfriend ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba hadhira ya mjini ilikuwa tayari kwa hadithi za vijana wake yenyewe, na katika miaka iliyofuata soko likajaa kanda, halafu diski. Umati uliojitokeza kumzika mwigizaji Steven Kanumba mwezi Aprili 2012 ulitosha kumaliza shaka yoyote kuhusu mapenzi ya watu kwa sinema hiyo.

Tatizo lilikuwa namna ya kuuza. Filamu ilikatwa sehemu mbili ili kila sehemu iuzwe peke yake, ikamiminwa dukani pamoja na nyingine nyingi, na baada ya muda mfupi ilikuwa imedurufiwa. Filamu ya namna hiyo haina siku ya kufunguliwa; ina wiki ya kuwahi kabla ya wezi. Mtayarishaji alijifunza kuficha badala ya kutangaza, kwa kuwa kutangaza mapema kulionekana kama kuwaalika wenye kudurufu. Tabia hiyo imebaki hata sasa, ambapo diski imetoweka na filamu hupakiwa kwenye flashi au kuonekana kwenye chaneli za kulipia na YouTube. Hofu hiyo ina sababu zake, lakini imeishi kuliko soko lililoizaa.

Matukio mawili yanaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Mwezi Septemba 2018 mahakama ya Nairobi iliruhusu Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyokuwa imepigwa marufuku, ionyeshwe kwa siku saba tu. Siku zilijulikana, ukumbi ulijulikana, na watu walijipanga hadi tiketi zikaisha. Ubishi ulioizunguka filamu hiyo ulichangia, bila shaka. Hata hivyo ukomo wa siku ndio uliomtoa mtu nyumbani jioni ya leo badala ya kusema ataiona baadaye. La pili ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ilianzia tamasha la Toronto mwaka 2021, ikateuliwa na Tanzania kuwania Oscar, ya kwanza kuteuliwa hivyo tangu Maangamizi ya mwaka 2001, na mwaka 2022 ikashinda tuzo ya Tanit ya dhahabu kwenye tamasha la Carthage. Safari yake yote ilipimwa kwa tarehe za matamasha, na kila hatua iliipa hatua iliyofuata.

Kwa mwaka 2026 kalenda ya mtazamaji wa Kiswahili inasomeka waziwazi. Ramadhani inaanza katikati ya Februari na Idd-el-Fitri inatarajiwa karibu na tarehe 20 Machi, mwezi ukiandama. Idd-el-Haji inatazamiwa mwishoni mwa Mei. Shule za Tanzania hufunga Juni na Desemba. Za Kenya hufunga Aprili na Agosti, kisha mwisho wa mwaka. Kuanzia tarehe 11 Juni hadi 19 Julai kuna Kombe la Dunia huko Marekani, Mexico na Kanada, na kwa tofauti ya saa mechi nyingi zitachezwa usiku wa Afrika Mashariki, zile za mwisho zikikaribia alfajiri. Vibanda vitakuwa vya mpira. Filamu yoyote itakayofunguliwa wiki hizo inapaswa kutegemea mchana, au isubiri Agosti.

Idd ya Machi ndiyo siku iliyo bora kuliko zote kwa filamu ya mwambao, na ni aibu kuiacha kwa filamu za nje peke yake. Haihitaji kumbi mia. Ukumbi mmoja wa Mlimani City jijini Dar es Salaam, mmoja wa Mombasa, na maonyesho ya wazi Forodhani au Ngome Kongwe huko Unguja yanatosha kuanza, mradi tarehe itangazwe kabla ya mfungo na bodi ya filamu ipelekewe nakala mapema, kwani bila cheti chake hakuna onyesho halali. Wenye chaneli za televisheni, ambao leo ndio wanunuzi wakubwa wa kazi za Kiswahili, wangefaidika kuipa filamu wiki chache za ukumbini kabla ya kuirusha: jina lililokwisha kuzungumzwa barazani huvuta watazamaji zaidi kwenye skrini ya nyumbani.

Matamasha yanaweza kushikilia sehemu iliyobaki ya mwaka. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, hufanyika katikati ya mwaka na lina hadhira ya wenyeji na wageni kwa pamoja. FESPACO ya Ouagadougou huangukia miaka isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo inayofuata ni ya 2027, na mwongozaji anayetaka kuipeleka filamu yake huko anapaswa kuwa ameimaliza kabla 2026 haijakwisha.