Wapangaji Wenzangu, Tupande Mboga

Ndugu zangu wakazi wa Dar es Salaam, mchicha tunaula karibu kila siku, lakini ni wachache kati yetu wanaojua ulimwagiliwa maji gani. Bonde la Msimbazi limetulisha mboga miaka mingi, na mto wake ndio huohuo unaobeba majitaka ya mji. Wakulima wa bondeni tusiwalaumu, maana wanatumia maji yaliyo karibu nao. Sisi tuanze kujilimia angalau sehemu ya mboga zetu, kwa maji tunayoyajua.

Mwenye uwanja alime tuta. Halina gharama kubwa, na mchicha huvunwa baada ya wiki 3 au 4 tu. Ila tuta linataka nafasi, na wakati wa kiangazi linataka maji asubuhi na jioni. Haidroponiki, yaani kilimo kisichotumia udongo, huokoa maji kwa sababu maji yenye virutubisho huzungushwa na kutumika tena. Inamfaa mwenye mtaji. Lakini umeme ukikatika mchana wa jua kali na pampu ikasimama, miche hunyauka upesi.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, nashauri gunia. Familia nyingi za Kibera, Nairobi, zimelima hivyo. Tafuta gunia ambalo halikubeba dawa wala kemikali. Simamisha katikati kopo lililotolewa kitako, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta kopo juu, jaza tena, hadi gunia lijae. Maji yatapita kwenye kokoto na kuifikia mizizi ya chini. Toboa ubavuni, pandikiza miche ya sukuma wiki. Chuma majani ya chini kwanza, ukiacha kichwa kikue, nayo itakupa mboga kwa miezi. Maji uliyooshea mchele usiyamwage. Yanatosha kuanza kumwagilia.

Wenye nyumba, waruhusuni wapangaji waweke gunia uani. Wenyeviti wa mitaa, tengeni mahali pa kuozesha mabaki ya sokoni, tupate mboji karibu. Walimu, wafundisheni watoto kwa vitendo. Nawe msomaji, mwombe jirani vikonyo vya matembele, uvipande wiki hii. Vikichipua, mgawie mwingine.