Spesa, ubishoo na roho za watu

Mtanisamehe kwa ukimya. Kazi za chumba cha habari zimenibana, na juu ya hapo wiki mbili hizi natembea kwa daladala. Sababu ya hizo daladala ndiyo iliyonileta hapa leo, na najua kuna washikaji zangu wataninunia. Wanune tu.

Nazungumzia spesa. Kwa wasiozijua: ni kipande cha alumini cha duara, kinachopachikwa kati ya habu na rimu ili tairi lisogee nje, gari lionekane limetanua miguu. Ukiweka ya milimita 20 kila upande, gari limeongezeka upana wa sentimita 4. Sentimita nne jamani! Ndizo tunazozilipia, tunazipiga picha jioni pale ufukweni, halafu tunaulizana, "umeiona ilivyokanyaga?"

Nami nilizilipia. Nina IST (msicheke, ndio mshahara wa mwandishi) na nikaona aibu kuegesha pembeni ya Crown za watu. Nikaenda kijiwe kimoja cha matairi, sikitaji. Fundi akachomeka spesa ya milimita 10, ile nyembamba isiyo na stadi zake, akarudishia rimu, akaanza kufunga. Nati ikazunguka mara nne hivi, ikagota. Nikamuuliza, fundi, mbona kama inashika padogo? Akanijibu bila hata kunitazama: "Bosi, kazi hii nimeianza wewe uko shule." Mimi na digrii yangu, mtu ambaye kila siku nawauliza wakubwa maswali magumu, nikanyamaza.

Mwezi wa tatu nikatumwa Kibaha kufuata habari. Nilipoipita Kimara usukani ukaanza kutetemeka, nikailaumu barabara. Kufika Kibamba nikasikia kitu kinagonga kok, kok, kok upande wa kushoto. Nikaegesha mbele kidogo ya kituo, nikashuka. Stadi mbili kati ya nne zimekatika, ya tatu nati yake naizungusha kwa vidole. Nikageuka nyuma. Kituoni kuna watoto wa shule wamesimama na mabegi yao wanasubiri daladala, na mama mmoja anakaanga mihogo, amelipa barabara mgongo.

Tairi na rimu yake ni kilo kumi na kitu. Likichomoka kwenye gari linalokimbia kilomita 80 kwa saa haliangalii nani ana bima.

Sasa tuhesabu, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Stadi za Toyota nyingi zina unene wa milimita 12, na nati inasogea milimita 1.5 kila ikizunguka. Kanuni ya mafundi mitambo ni kwamba nati ishike walau urefu unaolingana na unene wa stadi, yaani mizunguko minane. Yangu ilizunguka minne! Nusu. Spesa ilikuwa imekula uzi wote uliobaki, na mimi nilisimama pale nikiangalia.

Halafu kuna tundu la katikati. Habu ya IST ya kwanza ina kipenyo cha milimita 54.1, na rimu ya kiwandani hukaa juu yake sawasawa. Spesa zangu zilikuwa na tundu kubwa la "gari zote", zikacheza, mtetemo wote ukabebwa na stadi. Na beringi? Chukua ndoo ya maji, ibebe karibu na mwili, kisha jaribu kuinyooshea mkono. Maji ni yaleyale, lakini bega litakuambia. Ndivyo beringi inavyoteseka tairi likisogezwa nje.

Najua mtakachosema: mbona wenzetu wanaweka? Kweli wanaweka. Porsche wenyewe wamewahi kuuza spesa za milimita 5 kwa ajili ya 911, lakini zinakuja na boliti ndefu zaidi. Ujerumani spesa inatakiwa iwe na hati za kuonyesha inafaa gari gani. Na Japani, huko tunakoyatoa haya magari, gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na tairi kutokeza nje ya fenda ni kosa. Mwaka 2017 walilegeza, wakaruhusu mpira wa tairi utokeze milimita 10, basi. Sisi tunachukua picha ya gari la Mjapani, ukaguzi wake tunamwachia hukohuko.

Sisemi spesa zote ni jeneza. Zipo nene zenye stadi zake, zinazofungwa kwenye habu kwanza halafu rimu inafungwa juu yake, zenye shingo inayoingia sawasawa kwenye tundu la rimu. Nati zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu (Toyota nyingi ni newtonimita 103, sio "nguvu za mkono wangu"), ukitembea kilomita mia hivi unarudi kukaza tena. Nitajieni kijiwe mnachokijua mtaani kwenu chenye hiyo spana. Nasubiri.

Na sisi wa magazetini tusijifanye watakatifu. Nimeandika habari za ajali ambazo chanzo chake ni mstari mmoja: mwendokasi, au "gurudumu lilichomoka". Likachomoka! Kana kwamba liliamka asubuhi likaamua kuondoka. Sikuwahi kuuliza nani alilifunga, lini, na nini kilikuwa katikati. Nilihesabu maiti, nikarudi ofisini.

Kinachoniuma ni kwamba tunaofanya haya ni sisi tuliosoma, tunaowasema bodaboda kila kukicha kwa kubeba mishikaki. Bodaboda anatafuta ugali. Mimi nilikuwa natafuta nini? Sentimita mbili, na mama wa mihogo hakuulizwa kama anakubali.

Gari liko gereji nyingine, linabadilishwa stadi za mbele zote na beringi ya kushoto. Spesa ziko chini ya kitanda kwenye mfuko wa rambo. Juzi jamaa mmoja kapata habari kwamba nimezitoa, akanipigia anataka kuzinunua. Anasema anazo tayari, ila za kwake nyembamba, anataka azipange mbili mbili. Nikamweleza habari ya Kibamba yote, mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza vizuri tu, akaniuliza, "Sasa mwisho shilingi ngapi?"

Nimemwambia siuzi. Kanuna.