KOMPYUTA YA CHAMA ISIENDESHWE KWA LUMBESA



Msimu uliopita tulimkatalia mnunuzi aliyetaka alizeti yetu kwa lumbesa. Alijitetea eti ndiyo kawaida ya soko, kila mtu anafanya hivyo. Tukamwonyesha mizani, akaondoka.

Sasa ingieni ofisini mtazame kompyuta yetu. Kwenye kona ya kioo pameandikwa kwamba Windows hiyo si halali. Maandishi hayo tumeyazoea kama kalenda ya mwaka juzi. Ukiuliza, unajibiwa: "Aah, kila mtu anafanya hivyo." Jibu ni lile lile la mwenye lumbesa!

Wengine husema Microsoft ni tajiri, haitahisi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, wala haikusema tajiri aibiwe. Lakini tumwache tajiri. Anayeumia hapa ni mkulima.

Fundi wa mjini alipotupigia Windows, alizima kwanza kinga ya virusi, ndipo akaingiza kidude chake cha kuvunja kufuli. Jamani, mlinzi gani anaambiwa akalale ili mgeni asiyejulikana aingie ghalani? Tangu siku hiyo mafaili ya mapokezi ya alizeti yamepotea mara mbili. Karani amekesha akinakili upya kutoka vitabu vya stakabadhi, na wenzetu wamesubiri malipo huku ada za shule zinadaiwa. Kila mara tunamrudia fundi yule yule, kwa nauli na posho, atupigie tena ile ile!

Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai dola 300 kufungua kila moja. Kinga yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi. Walionaswa ni wale ambao mashine zao hazikupokea masahihisho. Yetu haipokei, fundi aliyazima isigundulike.

Basi tununue? Kununua ni halali, hatupingi. Ila masahihisho ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu kuukuu haikubaliwi na Windows 11. Tutanunua leseni na kompyuta mpya kwa fedha ya mbegu?

Ipo Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Inatolewa bure kwa ruhusa ya wenyewe waliotengeneza, pamoja na masahihisho yake. Aina yake mojawapo, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo asitwambie mtu haya ni mambo ya mbali.

Mjumbe mmoja anasema karani ataishindwa. Mbona Windows aliijua baada ya kuifundishwa? LibreOffice inafungua yale majedwali yetu ya Excel, ingawa mengine yatataka kunyooshwa kidogo.

Tunaitaka kamati ihamishe daftari la wanachama kwenye flashi mbili, ifute Windows hiyo, na iweke Linux kabla mizani haijaanza kazi msimu huu. Printa huenda ikakataa siku za kwanza. Ikikataa, stakabadhi tutaandika kwa mkono.