Panya Hakukonda: Kabla Hujanunua Unga wa Chai ya Zambarau

Bila shaka umekutana na hizo video. Kopo mkononi, mashamba ya Kericho kwa nyuma, na sauti inakuambia chai ya zambarau "inachoma mafuta ya tumbo, wanasayansi wamethibitisha". Nambari ya M-Pesa iko hapo chini. Ngoja kwanza, usitume. Hii stori ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana watu wengi wananaswa.

Chai yenyewe ni yetu kabisa. Ukitoka Nakuru, ukifika Mau Summit ukate kushoto, unaelekea nyumbani kwake. Inaitwa TRFK 306, na ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 2011 na Wakfu wa Utafiti wa Chai kule Kericho, ambao baadaye uliwekwa chini ya KALRO. Rangi yake inatokana na anthosayanini, zile zile zinazopaka rangi kabeji nyekundu.

Sasa huo "uthibitisho". Mwaka wa 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yao. Walichukua panya, wakawalisha chakula chenye mafuta mengi, na baadhi yao wakapewa unga uliokamuliwa kutoka majani ya chai hii, miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Waliopewa unga waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao, na mafuta ya tumboni na kwenye ini yalikuwa machache.

Ilifanyaje kazi? Mafuta unayokula hayapiti kwenye utumbo yakiwa mazima. Lazima kimeng'enya kutoka kwenye kongosho, kinachoitwa lipasi, kiyakatekate kwanza. Viungo fulani vya chai hii vinakizuia hicho kimeng'enya, kwa hivyo sehemu ya mafuta inapita tu na kutoka na choo. Tena kwenye ini la wale panya, kimeng'enya kinachosukuma mafuta yakachomwe kiliongezeka. Kwa hivyo si uchawi, na si uongo.

Lakini soma tena: *waliongezeka kidogo kuliko wenzao*. Hakuna aliyenenepa kwanza kisha akakondeshwa na chai. Walikuwa wanapewa mafuta na unga kwa pamoja, na kazi ya unga ilikuwa kupunguza kasi. Wewe unayenunua kopo unataka kitu tofauti kabisa. Unataka tumbo ambalo tayari liko liondoke.

Halafu kuna kipimo. Ukizidisha miligramu 200 kwa mtu wa kilo 70 unapata gramu 14 za unga kwa siku. Wanasayansi hawafanyi hivyo, maana mwili wa panya unaenda mbio kuliko wetu; wanagawanya kwa 12 hivi, unabaki na gramu moja na kitu. Muulize muuzaji kopo lake lina gramu ngapi za unga uliokamuliwa, si majani yaliyosagwa, na alifikaje kwa hicho kipimo. Utajibiwa na emoji.

Kweli, kwenye utafiti huo huo watu pia walikunywa chai hiyo kwa wiki 4 na vipimo vyao vikaboreka. Lakini walikuwa watu wachache sana, na baadhi ya watafiti walitoka Oryza, kampuni inayouza unga wa chai hii. Hilo halifanyi matokeo kuwa feki. Linamaanisha tu kwamba mtu asiye na bidhaa ya kuuza anafaa kurudia kazi hiyo kwa watu wengi zaidi kabla wewe hujatoa pesa ya rent.

Na "ni mmea tu, haina madhara" ni msemo wa kuogopa. Chukua chai ya kijani, binamu yake. Mwaka wa 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema vidonge vinavyokupa miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku vinaweza kuashiria shida kwenye ini. Kikombe hakina noma. Shida inakuja mtu akikamua shamba zima na kulipakia kwenye kidonge.

Mbaya zaidi ni kopo ambalo halina hata chai. Kuna bidhaa za "mitishamba" za kupunguza mwili ambazo zimepimwa Marekani zikapatikana na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni huko na Ulaya mwaka wa 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Nyingine zina sena, ambayo inakuendesha tu. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji, mafuta bado yako. Kama kopo linadai kutibu kitu na halina usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu, liache hapo hapo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii hype haimfikii mkulima. Wengi walipanda zambarau wakiahidiwa bei nzuri, kisha wakakuta viwanda vya kuisindika ni vichache, wengine wakaishia kuuza majani yao kwa bei ya chai ya kawaida. Kwa hivyo ukiipenda, inunue ikiwa majani, kutoka kwa kiwanda au kikundi cha wakulima chenye jina kwenye pakiti, na uinywe kwa sababu ni tamu. Bila maziwa, tafadhali. Ukitia maziwa na vijiko vitatu vya sukari, hiyo ni chai ya kawaida tu, ila umelipa zaidi.