Siri ya Binti Isigeuzwe Bidhaa

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa azimio ambalo walimu wa makamo hawajalisahau. Azimio hilo, lililokuja kujulikana kwa jina la mji huo, lilitaka kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi darasani ifikapo mwaka 1977. Wananchi walifyatua matofali na kujenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakiwa kazini. Mtoto wa mkulima akaingia shule pamoja na mtoto wa karani.

Miaka zaidi ya hamsini imepita tangu siku hiyo. Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafutwa mpaka kidato cha sita. Hata hivyo, katika shule nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, kama ilivyo kwingine nchini, bado lipo dawati linalobaki tupu siku mbili au tatu kila mwezi. Mwenye dawati hilo si mgonjwa wala si mtoro. Ni binti aliyepatwa na hedhi bila ya kujiandaa, akaogopa kuchekwa, akabaki nyumbani. Hesabu yake ni nyepesi: binti anayekosa siku 3 kila mwezi kwa miezi 9 ya masomo hupoteza siku 27 kwa mwaka, yaani zaidi ya wiki 5 za masomo. Hakuna mwalimu awezaye kuzirudisha wiki hizo jioni moja kabla ya mtihani.

Kwa ajili hiyo, mzazi mwenye simu ya kisasa anayesikia kwamba zipo programu za kuhesabu siku za hedhi hana budi kuvutiwa. Binti huandika siku ya kwanza ya hedhi yake, programu huhesabu mpaka siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, na baada ya miezi kadhaa humtahadharisha mapema ili atie kitambaa au taulo ya kike katika mkoba wa shule. Jambo lenyewe si geni. Mabibi wa zamani walihesabu kwa kutazama mwezi angani, na lugha ya Kiswahili ingali inashuhudia hivyo, kwa kuwa mwanamke husemwa ameingia mwezini. Kilichobadilika ni kwamba bibi aliitunza hesabu hiyo kichwani mwake, na simu yaweza kuipeleka mbali na mwenyewe asijue.

Hapo ndipo swali zito linapoanzia. Mzazi anapomchagulia binti yake programu, hachagui kalenda tu. Anamchagua pia mtu wa kukabidhiwa siri ya mwanawe.

Wakulima wa pamba wa Bunda hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Wao na wazee wao waliona pamba ikiondoka ikiwa ghafi kwa bei iliyopangwa na mnunuzi, kisha ikarudi ikiwa nguo kwa bei iliyopangwa na muuzaji. Biashara ya leo imepata mali ghafi ya namna nyingine, nayo ni taarifa za watu. Programu nyingi hutolewa bure, lakini hakuna mfanyabiashara anayelima shamba kwa ajili ya kugawa mavuno. Pale ambapo mtumiaji halipi fedha, yafaa kuuliza analipa nini.

Jibu la swali hilo limekwisha kuonekana mbele ya vyombo vya sheria. Mwezi Januari mwaka 2021, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza shauri dhidi ya kampuni yenye programu ya Flo, iliyokuwa imetumiwa na watu zaidi ya milioni 100. Tume ilidai kwamba kampuni iliwaahidi wanawake kuwa habari za miili yao zingebaki siri, huku ikizipitisha kwa makampuni mengine yakiwamo Facebook na Google. Kampuni ilikubali masharti ya suluhu bila ya kukiri kosa. Mwezi Agosti mwaka 2025, baraza la mahakama huko California liliikuta Meta, kampuni mama ya Facebook, na hatia ya kukusanya taarifa za watumiaji wa programu hiyo bila ya ridhaa yao. Ikiwa mambo hayo yaliwafika wanawake wazima katika nchi tajiri yenye mawakili wengi, binti wa miaka 12 wa kijiji cha Butiama atajikingaje peke yake?

Lakini si lazima hatari itoke ng'ambo. Katika Mkoa wa Mara hatari ya pili iko ndani ya nyumba. Katika kaya nyingi simu ni moja, nayo ni ya baba au ya kaka. Ikiwa programu haina neno la siri la binti mwenyewe, kila anayeishika simu hiyo hujua siku binti alipovunja ungo. Mahali pengine habari hiyo ingepita bure. Katika mkoa ambao baadhi ya wazee wangali wakimpima binti kwa idadi ya ng'ombe, na ambao bado unapigana na ukeketaji, habari hiyo yaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo ya mahari. Sheria ipo. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu mwaka 1998. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Lakini sheria humfikia mkosaji baada ya kosa kutendeka, na siri humkinga binti kabla.

Haitoshi hata hivyo kusema simu ni mbaya, kisha watu wakaenda zao. Mara yenyewe imeonyesha kwamba simu hiyo hiyo yaweza kuwa ngao. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Bi. Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama kwa mabinti wanaokimbia ukeketaji katika wilaya za Serengeti na Butiama, limewatumia wanavijiji wenye simu kutoa taarifa za mabinti walio hatarini, na ramani zilizochorwa kwa kujitolea zimesaidia kuvifikia vijiji hivyo. Kwa hiyo chombo si adui. Linalopaswa kuulizwa ni nani anakiongoza, na kwa faida ya nani.

Kwa kipimo hicho, mzazi au mwalimu anayeombwa ushauri anaweza kuipima programu yoyote kwa masharti machache yasiyohitaji utaalamu mkubwa.

Kwanza, programu isidai jina kamili, namba ya simu, picha wala mahali binti anapoishi. Kuhesabu siku hakuhitaji mambo hayo. Inayoyadai ina kazi nyingine isiyotajwa.

Pili, itunze hesabu ndani ya simu, na ifanye kazi hata pale bando linapokwisha. Kinachobaki ndani ya simu hakipitii mikononi mwa wageni, na mzazi hatagharimika kila mwezi.

Tatu, iwe na neno la siri kwa kila mtumiaji, ili dada wawili na mama yao waweze kutumia simu moja bila ya mmoja kumchungulia mwingine.

Nne, itumie Kiswahili chepesi, isiwe na matangazo, wala isimwulize mtoto maswali ya watu wazima.

Tano, iseme kweli. Wataalamu wa afya wanaeleza kwamba katika miaka ya mwanzo mzunguko wa msichana waweza kuwa wa siku 21 mpaka 45, na kubadilika mwezi kwa mwezi. Programu inayomwahidi siku kamili inabahatisha, na ile inayomtajia siku za usalama inampotosha, jambo ambalo laweza kumletea mimba. Iliyo nzuri humwambia kwamba makadirio yake yaweza kukosea, na humshauri aende kituo cha afya iwapo damu inatoka kwa zaidi ya siku 7, au miezi 3 ikapita bila ya hedhi.

Masharti hayo si ndoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitengeneza programu iitwayo Oky kwa kushirikiana na wasichana wenyewe, ikaanzia Indonesia na Mongolia, kisha ikafika Kenya. Ilibuniwa kwa kufikiria binti anayetumia simu ya wenzake, mahali ambapo mtandao haupatikani kila saa. Utaratibu wake wa ndani uko wazi kwa nchi yoyote kuuchukua na kuufanya wake. Vijana wa Tanzania waliosomeshwa kwa kodi ya wananchi hawashindwi kazi ya namna hiyo, na hapana sababu ya Taifa kusubiri kuuziwa kile linachoweza kujitengenezea.

Serikali nayo imekwisha kuweka msingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti, na Tume ya kuisimamia imeundwa. Lililobaki ni kuifikisha sheria hiyo kwa mwalimu wa Bunda. Ingefaa Tume na Wizara ya Elimu zitoe mwongozo mfupi, hata wa ukurasa mmoja, unaoeleza programu gani zinafaa kwa wanafunzi na zipi hazifai.

Walimu nao wanayo miiko yao katika jambo hili. Kalenda ya binti, iwe ya simu au ya daftari, si rejista ya shule. Mwalimu asidai kuifungua ili achunguze nani ana mimba. Atakayefanya hivyo atawafundisha mabinti wote kudanganya, na chombo kilichokusudiwa kuwabakiza darasani kitakuwa sababu ya kuwafukuza kwa hofu. Serikali iliamua mwezi Novemba 2021 kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi shuleni, na moyo wa uamuzi huo ni kumkaribia binti, si kumvizia. Aidha, kwa kuwa simu haziingii darasani, na kwa kuwa wengi hawana simu hata nyumbani, mwalimu mlezi awafundishe wasichana wote kuhesabu kwa penseli katika kalenda ya karatasi. Karatasi haihitaji chaji wala haina mnunuzi huko California. Wavulana nao wafundishwe, maana kicheko chao ndicho kinachomrudisha binti nyumbani.

Mwishoni, haifai mtu yeyote kudhani kwamba programu itachukua nafasi ya maji. Binti aliyetahadharishwa na simu yake kwamba kesho ataingia mwezini atafanya nini na habari hiyo ikiwa choo cha shule hakina mlango, na taulo ya kike inamshinda bei? Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike kwa nia njema, lakini bei hazikushuka dukani, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Nafuu iliyokusudiwa binti iliishia kwa wafanyabiashara. Funzo lake ni lile lile la programu za bure, kwamba jema linaloachwa mikononi mwa soko bila ya usimamizi halimfikii mnyonge. Kamati za shule, halmashauri na wazazi wa Mara hawana budi kuhakikisha kwamba kila shule ina chumba chenye maji, mlango unaofungwa na akiba ya taulo.

Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Butiama aliyekuja kuwa Baba wa Taifa alikwenda Musoma kuanza masomo katika shule ya Mwisenge. Alikuwa mvulana, na wakati huo wasichana wa rika lake walibaki nyumbani. Azimio la Musoma lilikusudia kwamba dada zake nao wapate nafasi darasani, na walioipata hawapaswi kuipoteza siku tatu tatu kila mwezi, wala kuilipia kwa siri za miili yao. Wazazi na walimu watakaowapa mabinti wao kalenda iliyo salama, shule yenye maji na heshima ya kutochunguzwa, watakuwa wamelitimiza Azimio hilo.