Bawaba mbovu si jambo dogo

Masika yanapobisha hodi, milango mingi ya humu nchini huanza kugombana na miimo yake. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole mwezi wa Februari, kufikia mwisho wa Aprili hausogei mpaka usukumwe kwa bega. Mwenye nyumba hughadhibika akamwita seremala, na seremala naye, maadamu atalipwa, huchukua randa akaupunguza ubavu mzima. Mvua zikiisha na jua la Januari likawaka, pale palipopigwa randa hubaki mwanya wa kupitisha mende, vumbi na baridi. Lawama humwendea fundi, ama mbao, ama hata jirani mwenye kijicho. Ni wachache mno wanaojiuliza mlango ule ulikuwa na ugonjwa gani hasa.

Nawaelekezea maneno haya walimu na wanafunzi kwa kuwa jawabu limo katika masomo yao wenyewe. Mbao ni nyuzi zinazonywa unyevu ulio hewani. Zikinywa huvimba, tena huvimba kwa upana wala si kwa urefu, na ndiyo sababu mlango hubana ubavuni. Dawa ya kwanza, basi, si randa bali ni subira na rangi. Mchunguze fundi wetu wa kawaida: hupaka rangi pande mbili zinazoonekana, akaziacha kingo za juu na chini zikiwa tupu, kwa sababu hakuna mgeni atakayeinama kuzikagua. Maji huingilia papo hapo. Ngoja kiangazi, mlango ukauke barabara, uung'oe, uzipake kingo zote nne kisha uurudishe. Ukiwa bado unagusa, chukua chaki (na ni nani aliye na chaki nyingi kuliko mwalimu?) upake ukingoni, ufunge mlango mara moja na kuufungua. Pale chaki ilipohamia kwenye mwimo ndipo penye kosa, na hapo tu ndipo pa kupitisha randa.

Lakini kabla ya yote hayo, zitazameni bawaba. Mara nyingi mlango unaokwaruza sakafu haukuvimba hata kidogo, umelegea tu. Uzito wake wote huivuta bawaba ya juu, na skrubu zikishachoka hutoka katika mwimo kama jino bovu. Fundi mvivu huzirudisha skrubu zile zile katika matundu yale yale, akaondoka na pesa yake, na baada ya juma moja mlango ukarudia ulevi wake. Tundu lililopanuka lazima lizibwe kwanza. Vijiti vya kiberiti vilivyokatwa vichwa, vikapakwa gundi ya mbao na kushindiliwa humo, vitatosha kwa mlango mwepesi. Mlango mzito hutaka skrubu ndefu zaidi inayofika kwenye mbao ambayo haijaguswa. Kazi hii haizidi nusu saa, na kifaa chake ni bisibisi.

Kuhusu vitasa, naomba dua kwa mafuta ya kupikia yaachwe jikoni. Yakitiwa ndani ya kitasa hulainisha kwa siku chache, kisha hunasa vumbi na kugeuka ulimbo. Afadhali mwanafunzi achukue penseli yake, aparuze ncha yake juu ya meno ya ufunguo na kuuzungusha mara kadhaa. Kile kinachoitwa risasi ya penseli si risasi kamwe, ni aina ya kaboni ambayo matabaka yake huteleza moja juu ya jingine, nayo hailiwi na vumbi. Mwalimu wa kemia anaweza kulifundisha somo hili mlangoni mwa darasa na likakumbukwa zaidi ya mchoro wa ubaoni.

Madirisha nayo yana kisa chao. Sehemu kubwa ya shule zetu, na nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya mtindo wa alumini kuenea, zina madirisha ya chuma ambayo vioo vyake hushikwa kwa pati, ule mchanganyiko wa unga wa chokaa na mafuta ya kitani. Pati ikizeeka hukauka, ikapasuka na kuanguka vipande vipande. Maji ya mvua hujipenyeza kwenye ufa, kutu ikaanza, na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma kioo mpaka kikapasuka chenyewe. Watu husema ni mtoto aliyerusha jiwe. Wakati mwingine ni kweli, ila si mara zote!

Kukitia kioo kipya si kazi ya kufikirisha sana, bali hutaka utaratibu. Vaa glavu nene, ondoa vigae, kisha uing'oe pati ya zamani kwa patasi kuukuu. Sugua kutu yote kwa brashi ya waya na msasa, upake rangi ya kuzuia kutu, na uiache ikauke. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayofanya kazi irudiwe kila mwaka. Kioo kikatwe kidogo kuliko nafasi yake, kama milimita 2 kila upande, kwani chuma hutanuka juani na kioo kilichobanwa hakisamehe. Tandaza pati nyembamba kwanza, ukilaze kioo juu yake, ukibonyeze pembeni wala si katikati, halafu umalizie pati ya nje kwa mteremko ili maji yasituame. Usipake rangi siku ile ile. Pati iachwe juma moja au mawili ipate ngozi.

Siku hizi fasheni ni dirisha la alumini la kuteleza, na wenye nyumba za kupanga mijini hulalamika kwamba likinyeshewa hufurika ndani. Chini ya reli ya dirisha hilo mna vitundu vilivyowekwa makusudi ili maji yatoke nje. Vumbi la kiangazi huviziba, na kuna mafundi ambao, wakidhani ni kasoro, huviziba kabisa kwa gundi ya mpira. Sindano ya kushonea magunia na bilauri ya maji vingemaliza shauri. Ama yale madirisha ya vioo viwili vyenye nafasi iliyofungwa katikati, ambayo Waingereza huyategemea kwa sababu hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, nayo yana maradhi yake: mpaka wake ukivuja, ukungu huingia kati ya vioo na hapana kitambaa kitakachoufuta. Kioo chote cha jozi hubadilishwa, fremu ikabaki. Hapa kwetu, isipokuwa kwa anayelala kando ya barabara ya malori na kutaka kupunguza makelele, sioni sababu ya kuyanunua.

Nimeeleza kwa urefu ili isemwe wazi kwamba hakuna hata moja katika haya linalomshinda kijana wa miaka 14. Hata hivyo, nimeingia katika shule ambamo dirisha lililovunjika limezibwa kwa katoni muhula baada ya muhula, na darasa la mwisho limefungwa kwa waya kwa kuwa kitasa kiliharibika. Mwalimu mkuu hueleza kwamba fungu la matengenezo halijafika au limekwisha. Namwelewa. Lakini ndani ya shule iyo hiyo wamo mamia ya wanafunzi ambao hawajawahi kushika bisibisi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, wazazi walichangishwa wajenge karakana, na watoto wakafundishwa useremala na kazi nyingine za mikono. Walinung'unika kwa gharama, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Baadaye, katika marekebisho ya mwaka wa 2002, masomo mengi ya aina hiyo yalipunguzwa. Mtaala wa umilisi umeyarudisha kwa jina jingine katika gredi ya saba hadi ya tisa. Swali langu ni je, kwa nini mwanafunzi achongeshwe kigoda cha maonyesho kitakachotupwa, ilhali mlango wa bweni lake haufungi? Mlango huo ndio uwe zoezi, na alama zake zitolewe hapo.

Kuna atakayesema kwamba natukuza mambo madogo. Hebu tukumbuke. Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Katika mikasa hiyo, moto peke yake haukutosha kuua watu wengi kiasi hicho. Mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma vilimaliza kazi. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Ukaagiza kwamba mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufunguke kwa nje, na usifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwamo, tena madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi. Miaka 16 baadaye, Septemba 2024, tulizika tena watoto 21 wa Endarasha, Nyeri.

Kufunguka kwa nje kuna maana yake. Mlango wetu wa jadi wa pwani, ule wa nakshi wenye mbawa mbili na mfaa katikati, hufungukia ndani, na kwa nyumba ya jamaa wachache hauna kosa. Bweni la vijana 80 ni jambo jingine. Umati ukikimbilia mlango unaofungukia ndani, wa mbele hubanwa na wa nyuma, na hakuna awezaye kurudi hatua moja ili auvute. Sasa ongeza mlango uliovimba kwa masika, au bawaba iliyolegea ikaufanya ushike sakafu. Ongeza dirisha ambalo mpini wake ulikatika mwaka juzi na fundi akalichomelea lisipige kelele. Karatasini shule imetimiza mwongozo, maana mlango upo na dirisha lipo. Usiku wa hatari havifunguki.

Kwa hiyo mwalimu wa zamu, anapokagua vitanda na viatu, afungue pia kila mlango wa bweni mpaka mwisho, wa dharura ukiwa wa kwanza, na kila dirisha, kwa mkono wake. Kile kinachokwama kiandikwe katika daftari siku hiyo na kitengenezwe kabla ya usiku kuingia. Nisingependa kazi hii isubiri mkaguzi kutoka wilayani.

Na majumbani? Huko vyuma vya madirishani havitaondoka leo, kwani wezi wapo nasi twalala. Lakini mchomeleaji yeyote wa jua kali aweza kuikata sehemu ya vyuma vya dirisha moja la chumba cha kulala, akaitia bawaba mbili na kufuli upande wa ndani, ikawa kilango. Ufunguo wake utundikwe kwenye msumari ulio karibu, mahali ambapo mkono wa mwizi hauwezi kufika kutoka nje, lakini mtoto wa miaka 7 anaufikia gizani.