Hoteli kubwa zijengwe nje ya hifadhi



Natoa maoni yangu juu ya ujenzi wa hoteli kubwa ndani ya hifadhi za taifa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Serengeti. Siku moja niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kuona wanyama. Tulipopita karibu na hoteli iliyokuwa ikijengwa, mtoto mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mjomba alikamatwa kwa kukata nguzo humu. Mbona hawa wanajenga?" Nilikosa jibu, na mpaka leo sijalipata.

Sheria inatukataza wananchi kulisha mifugo, kukata miti na kuishi ndani ya hifadhi. Hatuipingi. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa Ngorongoro ili wanyama wapate nafasi. Je, nafasi hiyo waliwaachia nyumbu au wenye hoteli?

Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka kufuata majani na maji. Kiangazi, mito mingi inapokauka, hukimbilia Mto Mara. Hoteli nayo inataka maji ya kunywa, kufulia na kuogelea, njia za malori na mahali pa kutupa taka.

Siukatai utalii, maana unaliletea taifa fedha za kigeni. Lakini mtalii hafungi safari kuja kutazama ghorofa. Hayo anayo kwao. Hoteli kubwa zijengwe nje ya mpaka, kwa mapatano na vijiji, vijana wetu wapate kazi na ushuru ujenge madarasa. Ndani, mbali na hoteli zilizopo, ziruhusiwe kambi za mahema tu, ambazo zinaweza kung'olewa. Aidha, tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria ya mwaka 2004 isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla ujenzi haujaanza.

Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba tutafanya kila tuwezalo ili hata watoto wa wajukuu wetu waufaidi urithi huu. Baadhi yao ndio hao ninaowafundisha. Naomba wahusika walifikirie jambo hili mapema, kwani zege likishamwagwa halizoleki.

Mwalimu wa Kijiji,
Wilaya ya Serengeti,
Mara.